Damu yangu ina madini ya risasi 17 na kazi yangu ni ya ofisini. Ni renji, ukumbi wa kupiga shabaha, au?

Mtoto_wa_Kigamboni
Wakuu, habari za Jumapili. Swali langu ni kwa wanaopiga shabaha huku Marekani. Nilikwenda kupima afya ya mwaka, daktari akasikia starehe yangu ni bastola, akaongeza kipimo cha madini ya risasi (lead) kwenye damu. Majibu yamekuja: mikrogramu 17 kwa desilita. Nesi aliyenipigia simu akaniuliza kama natengeneza betri au nakwangua rangi za nyumba kongwe. Dada wa watu, mimi ni mhasibu, rangi naiona ukutani tu!

Wikiendi nyingi niko renji ya ndani hapa Houston, napiga risasi za 9mm na mara nyingine zile ndogo za .22. Sina maumivu yoyote. Je, 17 ni nyingi? Niache kabisa? Tuna mtoto wa mwaka na nusu, na mama yake ana mimba ya miezi minne. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Fundi_Chuma
Mkuu usijitie presha. Tumia risasi zenye koti la shaba, habari imeisha. Mimi mpaka maganda ya risasi zilizopigwa nayajaza upya mwenyewe gereji, na sijawahi kuumwa hata kichwa. Hawa madaktari wakisikia bunduki tu tayari wana neno.

Bi_Shabaha
Fundi, kwa heshima zote, hapo umempoteza mwenzio.

Mtoto wa Kigamboni, nikusalimu kwanza. Niko Ohio, nilifanya kazi kaunta ya renji ya ndani na usafi wake, sasa nashindana tu. Nitakueleza ninavyolijua.

Koti la shaba linafunika kichwa cha risasi mbele na ubavuni. Nyingi kitako chake kiko wazi, na moto wa baruti unapiga hapo hapo. Halafu kuna praima, kile kidude kinachogongwa na pini. Praima za kawaida zimetengenezwa kwa kemikali yenye madini ya risasi, na kila ukivuta kifyatulio inalipuka umbali wa mkono kutoka puani mwako. Hata kichwa kingekuwa shaba tupu, moshi wa praima bado unauvuta. Hiyo .22 unayoiona ya kitoto ndiyo usiidharau: vichwa vyake vingi havina koti la maana, na praima yake ni ya aina hiyo hiyo.

Sasa renji yenyewe. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa afya kazini, wanapendekeza hewa itembee kama futi 75 kwa dakika kutoka nyuma ya mpigaji kwenda kwenye shabaha, bila kuzunguka. Huna kifaa cha kupimia, lakini una macho: utazame moshi wako. Ukienda mbele moja kwa moja, afadhali. Ukielea usoni au ukirudi nyuma kwenye viti, toka. Na ukimkuta kijana anafagia maganda kwa ufagio mkavu, toka haraka zaidi. Mahali nilipokuwa tulipewa mifagio na barakoa za karatasi, zile za kuzuia mafua. Vumbi lile linatakiwa livutwe kwa vakyumu yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa vumbi laini sana, au lidekiwe kwa maji. Nilipoanza kuuliza maswali nikaonekana mjuaji. Nikaondoka.

Kuhusu 17. Usifarijiwe na mtu atakayekwambia sheria inaruhusu 40. Kanuni ya OSHA, wakala wa usalama kazini, ni ya 1978, mfanyakazi aliyeondolewa kazini kwa sababu ya madini haya anaweza kurudishwa akishuka chini ya 40. Tena inamlinda mwajiriwa. Mteja aliyelipa saa yake hayumo. NIOSH mwaka 2015 walishahesabu 5 kwa mtu mzima kuwa imepanda. Kutoumwa hakukuambii kitu: shinikizo la damu na figo havipigi hodi.

Lakini wewe si mgonjwa wangu wa kwanza. Wa kwanza ni huyo wa mwaka na nusu. Anatambaa, anaokota, anatia mdomoni, na viatu vyako vimepita wapi? Kwa watoto CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, tangu 2021 wanatumia 3.5 kama alama ya kuanza kufuatilia. Mpeleke wiki hii, pamoja na mama yake, kwa sababu madini haya yanavuka kondo la nyuma na kumfikia aliye tumboni. Kipimo cha kidoleni kikitoka juu, wadai cha mshipani, maana kidole chenye vumbi kinadanganya.

Na mezani mnapolia chakula, usisafishie bastola hapo. Tafadhali.

Mswahili_wa_Changamwe
Bi Shabaha amesema kweli kuhusu mtoto. Sisi wa Mombasa tulijifunza Owino Uhuru, palipokuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa pale pale, mwanawe mchanga akaugua, na sumu ya madini haya ikaonekana ilimpata kupitia maziwa ya mama. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na 2020 mahakama ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Sifananishi renji na kiwanda kile. Nasema tu kwamba mzazi anatoka nayo kazini bila kuiona.

Fundi_Chuma
Haya, na ile mashine ya kusugua maganda ya risasi gereji mnasemaje? Naitumia na unga wa maganda ya jozi.

Bi_Shabaha
Fundi, unga ule ukishasugua maganda yaliyopigwa ndiyo vumbi lenyewe. Ukiumwaga na kuuchekecha unautimua. Sugua kwa maji, vaa glavu, na gari la mama watoto lisilale humo. Kisha ukapime damu tubishane tukiwa na namba.

Mtoto_wa_Kigamboni
Dada asante sana, mama watoto amesoma yote na ameshapiga simu kliniki. Kuna unga wa "kusafisha damu" wanauza mtandaoni, unafaa? Na viatu nivitupe?

Bi_Shabaha
Huo unga achana nao. Dawa za kweli za kutoa madini ni za hospitali, kwa mtu mzima hutumika kwenye viwango vya juu sana kuliko chako, na zina madhara yake. Tiba ya 17 ni kukata chanzo. Damuni inapungua kwa nusu kwa karibu mwezi, ila iliyokwisha kuingia mifupani inakaa miaka mingi na kurudi kidogo kidogo, kwa hiyo namba itashuka polepole. Pumzika renji ya ndani, rudia kipimo baada ya mwezi mmoja au miwili. Ikishuka, tafuta uwanja wa nje na praima zisizo na madini ya risasi. Zipo, bei imechangamka.

Viatu usitupe. Viwe vya renji tu, vikae kwenye mfuko uliofungwa ndani ya buti la gari, visivuke mlango. Nguo zifuliwe peke yake. Mikono na uso kwa sabuni na maji ya baridi kabla hujashika usukani au soda. Jeli ya kuua vijidudu haitoi madini. Kiti cha mtoto kwenye gari kivue kitambaa ukifue, na pale unapokanyagia pedali ufute kwa kitambaa chenye maji, usipige brashi.

Namba ya mtoto ikitoka njoo utuambie.