Mtoto wa wiki tano ana mtoto wa jicho, naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Binti yangu ana wiki tano. Nikiwa namnyonyesha karibu na dirisha niliona mboni ya jicho la kushoto ina weupe, kama tone la maziwa limeganda ndani. Mama mkwe akasema ni uchafu wa kuzaliwa, utatoka. Haukutoka.

Daktari amesema ni mtoto wa jicho, na anahisi chanzo chake ni rubella, kirusi kinacholeta homa na vipele. Hapo nikakumbuka: mimba ikiwa na miezi miwili nilipata vipele na kahoma kadogo ka siku tatu, nikadhani ni joto tu. Kumbe kirusi hicho kikimpata mama ndani ya wiki 12 za mwanzo, ndipo kinapomuumiza zaidi mtoto: macho, masikio, moyo.

Daktari anataka binti yangu afanyiwe upasuaji mapema, kabla ubongo haujazoea kulipuuza jicho hilo. Mume wangu anaogopa nusukaputi kwa kichanga hiki.

Waliopitia haya, mlimpasua mtoto akiwa na umri gani? Miwani au lenzi baadaye anavumilia? Na vipimo vya moyo na masikio, nivitake kabla ya upasuaji?