Nakala ya Silos: irudi Hispania au ibaki London?

Kobe Mzee: Wakuu, salaam. Beatus, mtawa wa Liébana kaskazini mwa Hispania, aliandika ufafanuzi wa Ufunuo wa Yohana karne ya 8. Ukanakiliwa na kuchorwa kwa karne kadhaa. Nakala ya monasteri ya Silos maandishi yaliisha 1091, michoro ikakamilika 1109. Leo iko London! Ilipitia mikononi mwa Joseph Bonaparte, kaka yake Napoleon aliyewekwa mfalme Hispania, na 1840 Waingereza wakainunua. Nasema irudi kwao. Wanaume wale hawakupinda migongo miaka 18 ili mtalii apige selfi.

Mama Wawili: "Wanaume wale"? Nakala nyingine ya ufafanuzi huohuo, ya Gerona, ya 975, imetaja wachoraji wawili, na mmoja ni mwanamke, Ende. Kaandikwa kabisa: mchoraji na msaidizi wa Mungu. Kila kizuri mnajipa nyinyi.

Kobe Mzee: Mama, mada ni Silos. Gerona umeileta wewe.

Fundi Chaki: Na huyo Ende wataalamu wenyewe hawaafikiani, wengine wanasoma En. Mtu hata jina halijatulia!

Mama Wawili: Jina likiwa na utata, mkono unageuka wa kiume? Neno ni *depintrix*, mchoraji wa kike. Kilatini kina jike na dume, siyo kama "mchoraji" wetu.

Fundi Chaki: Nimepita seminari, usinifundishe Kilatini.

Mama Wawili: Basi ulipita tu.

Wa Kusini: 😂😂 Mjusi wetu wa Tendaguru, Lindi, yule dinosaria, kachimbwa na Wajerumani 1909 hadi 1913, mpaka leo kasimama Berlin. Nyie mnalilia kitabu cha Wahispania.

Nyuki: Mkianza kurudisha, yale matao ya umbo la kiatu cha farasi yaliyojaa kwenye michoro humo ndani nayo yarudi Córdoba, kwa Waislamu waliotawala kusini mwa Hispania enzi hizo. Watawa waliyatoa wapi?

Kobe Mzee: Jamani, SILOS.

Fundi Chaki: Haya, alichora. Kurasa ngapi? Labda alikuwa anamsagia rangi Padri Emeterius, yule mchoraji wa pili.

Mama Wawili: Nilikuwa nakusubiri hapo. Jina la Ende limeandikwa kwanza, ndipo Emeterius. Padri mzima kawekwa nyuma ya msaga rangi?

Fundi Chaki: Heshima tu kwa akina mama. Hata kadi za harusi.

Mama Wawili: Kadi gani hizo? "Bwana na Bibi Fulani." Lini umeona Bibi katangulia?