Jumapili na mama mkwe kwa Wameksiko wa Pilsen, Chicago: tuagize nini?

BintiPangani

Assalam aleykum, na habari zenu wote. Naishi Chicago, na mama mkwe yuko kwetu, amekuja kututembelea kutoka Tanga. Tangu afike tunampikia yale yale ya nyumbani, wali, samaki, maandazi ya asubuhi. Juzi akaniuliza mwenyewe, "Hivi hawa jirani zenu wa chini wanakula nini?" Jirani zetu ni Wameksiko, na kila Jumapili harufu ya mapishi yao inapanda ngazi mpaka mlangoni kwetu. Nikaona nimpeleke Pilsen kwa chakula cha mchana Jumapili hii, tuwe na mume wangu na watoto, tukae bila haraka.

Hatuli nguruwe, na nyama kwetu ni ya halali tu. Mama amepita miaka sabini. Pilipili anaiweza, ila magoti yanamsumbua na makelele hayapendi. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba chakula kikimshinda hatasema. Atasema ameshiba, arudi nyumbani na njaa. Sitafuti jina la mgahawa. Nataka mtu anayeyajua mambo ya jikoni kwao aniambie niagize nini na niulize nini.

JikoLaNyuma

Wa aleykum salaam dadangu. Mimi ni wa Mombasa, na nimefanya kazi kwenye jiko la Wameksiko hapa hapa Chicago, nikaanza kwa kuosha vyombo mpaka nikashika kikaango. Nimefurahi umeuliza kabla ya kwenda.

Nyama ya nguruwe utaiona na utaikwepa. La kuangalia sana ni mafuta yake, wanayaita *manteca*. Maharage ya kupondwa mara nyingi hukaangwa kwa mafuta hayo. Tamale, ule unga uliofungwa kwa maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke, kwa desturi hukandwa nayo. Tortilla za ngano, ile mikate yao myembamba kama chapati, vile vile, ingawa siku hizi wengi hutumia mafuta ya mimea. Wali mwekundu watu huuona hauna neno, kumbe hupikwa sana kwa supu ya kuku, na kuku huyo hamjui kachinjwa vipi. Tortilla za mahindi zenyewe ni mahindi, chokaa na maji, basi. Omba tu zipashwe mahali pasipopita nyama.

Swali lako liwe *¿Lleva manteca?*, yaani "Ina mafuta ya nguruwe?", uliulize kwa kila sahani, kwa upole. Hakuna atakayenuna. Wapishi wengi ni Wakatoliki, na wao wenyewe Ijumaa za Kwaresima hawagusi nyama. Mtu anayeacha chakula kwa ajili ya dini yake wanamwelewa haraka sana.

Mavyaa wako akiona nyama inazunguka kwenye mti wa chuma kama shawarma, atafurahi. Mtangulie kumwambia. Ufundi huo kweli uliletwa Meksiko na wahamiaji wa Kilebanoni, ila *al pastor* ni nguruwe. Na Pilsen siku ya Jumapili ni *carnitas* kila upande, nguruwe aliyepikwa taratibu ndani ya mafuta yake mwenyewe, watu wanapanga foleni kumnunua kwa ratili. Kwa hiyo msiingie huko kabisa. Tafuteni nyumba ya *mariscos*, yaani wanaopika vitu vya baharini.

Hapo mwagizie mama *mojarra frita*. Ni samaki mzima, mara nyingi sato, aliyekatwa chale mbavuni, akatiwa chumvi na kitunguu saumu, akakaangwa mpaka mapezi yanavunjika kwa kidole. Analetwa na kichwa chake, vipande vya ndimu, nyanya na parachichi. Mama wa Tanga hahitaji kufundishwa samaki huyo analiwaje, na atamla kwa mkono bila mtu kumgeukia, kwa kuwa meza zote hula hivyo. Uliza tu mafuta ya kukaangia samaki kama hayachanganywi na ya nyama. *Ceviche* kuleni nyinyi vijana. Ni samaki mbichi aliyeiva kwa ndimu peke yake, mtu mzima asije akashtuka.

Vinywaji sina shaka navyo. *Agua de tamarindo* ni ukwaju ule ule wetu, na *agua de jamaica* ni choya. Mimea yote miwili asili yake ni Afrika. Mwagizie ukwaju kwanza, kabla hajasoma chochote, atulie.

WaHouston

Maelezo mazuri mkuu, ila naomba niwatetee watoto. Huku Texas nina wangu wawili, na samaki mwenye macho hawamtazami mara mbili. Watoto waagizieni quesadilla ya jibini kwenye tortilla ya mahindi, pamoja na parachichi la kupondwa. Na msiwacheke wakitaka nachos, vipande vya tortilla vilivyokaangwa na kuwekwa jibini. Kuna watu wanasema hicho ni chakula cha Wamarekani, kumbe zilibuniwa Piedras Negras, upande wa Meksiko wa mpaka, miaka ya 1940, na mhudumu aitwaye Ignacio Anaya. Ziombeni bila nyama na bila maharage.

BintiPangani

Nimeandika yote kwenye karatasi. JikoLaNyuma, Mungu akuzidishie. Sasa nisaidie saa. Nasikia Jumapili panajaa. Na je, tukikaa muda mrefu baada ya kula tutaonekana tunawazuia meza?

JikoLaNyuma

Fikeni saa tano asubuhi, au ngojeni mpaka saa tisa. Katikati hapo misa zimetoka, familia zinaingia na bibi, babu na watoto wachanga, na jikoni tunakimbizana. Saa tano mpishi ana nafasi ya kukujibu swali la mafuta sawasawa, na hilo kwangu lina uzito kuliko makelele. Wanamuziki wakipita mezani na magitaa, kila wimbo una malipo. Mkisema hapana kwa tabasamu wanaendelea na safari.

Kukaa, kaeni. Migahawa ya familia wengi wao hawaleti bili mpaka uiombe, maana kwao kumletea mtu bili angali anazungumza ni kama kumfukuza. Nimeona meza zikikaa saa nzima na vikombe vitupu na hakuna aliyeguna. Ila mkijua mmekaa sana, mwongezeeni mhudumu. Kodi hapa inapita asilimia 10, na bakshishi ya kawaida ni asilimia 18 hadi 20. Mama asione risiti.

Mkitoka na magoti ya mama yakiruhusu, makumbusho ya sanaa ya Meksiko, National Museum of Mexican Art, iko mtaa wa 19. Haina kiingilio. Jumatatu ndiyo hufungwa.

MkulimaWaKitale

Niongeze moja kuhusu mahindi, kwa sababu mama ataionja tortilla na kuuliza mbona haina harufu ya unga wetu wa ugali. Wao huchemsha punje kwa maji ya chokaa, huziacha zilale humo usiku kucha, asubuhi huziosha na kuzisaga zikiwa bado na majimaji. Ganda hulainika, unga hushikana bila ngano, na niasini, vitamini iliyofungwa ndani ya punje, huachiliwa mwilini. Mahindi yalipopelekwa Ulaya, na baadaye maskini wa kusini mwa Marekani walipoishi kwa mahindi, ufundi huo haukufuatwa, na pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, ikaua watu wengi sana. Wenyeji wa Meksiko walikuwa wakifanya hivyo maelfu ya miaka kabla ya yeyote kusikia neno vitamini. Mimi ni mtu wa mahindi, na naiheshimu kazi hiyo kwa moyo wote. Mama akiuliza, mwelezeni.

BintiPangani

Nimewapigia simu mahali pamoja pa *mariscos*. Mojarra wanayo, na kikaango cha samaki wanasema kiko peke yake. Wali wamekubali kunipikia mweupe, kwa maji na chumvi, nikiwaambia mapema. Mama nimemwambia ni samaki mzima, akauliza, "Na ndimu ipo?" Tumepanga saa tano.

JikoLaNyuma

Ndimu atachoka nazo. Mwambie mumeo abebe pesa taslimu ndogo ndogo, maana nje kando ya barabara kuna wauza embe lililochanjwa na kunyunyiziwa pilipili, chumvi na ndimu, na wengi wao hawapokei kadi.