Kurasa za majaribio za "Wiki Tano Ndani ya Puto": wasomaji wamezikosoa, turekebishe wapi?

Chapa_Mbili

Assalaam alaykum jamani. Kuna kitabu cha picha kinatayarishwa hapa Unguja kutokana na riwaya ya Jules Verne ya 1863, ile ambayo Dokta Fergusson, rafiki yake Kennedy na mtumishi Joe wanapaa kutoka Zanzibar tarehe 18 Aprili 1862 na kumalizia safari Mto Senegal tarehe 24 Mei. Kurasa 12 za mwanzo zimeshasomwa na watoto wa skuli na wazee wa barazani. Wazee wanasema mji uliochorwa si wa zama zile. Watoto wanatazama picha, viputo vya maneno wanaviruka. Hakuna aliyefahamu vipi puto linapanda na kushuka bila ya kutupa mchanga wala kuachia gesi. Na ile sehemu ya nyani imewachukiza watu, baadhi wanataka ifutwe kabisa.

Kitabu ni A5, rangi nyeusi tu, kurasa 64, pini katikati. Wenye ujuzi tusaidieni kabla wino haujakauka.

Mwana_wa_Mkunazini

Waalaykum salaam. Wazee wako wana haki. Naona kwenye ukurasa wa 3 umeweka Beit al-Ajaib, jumba la maajabu. Hilo limejengwa 1883, miaka 21 baada ya puto kuondoka. Minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Joseph nayo ifute, ni ya miaka ya 1890. Kanisa la Mkunazini pia halikuwepo: mahali pale palikuwa soko la watumwa, nalo limefungwa 1873. Ukitaka kusema kweli kuhusu mji wa 1862, soko lile lazima lionekane hata kama ni kwenye pembe ya picha.

Kinachobaki ni Ngome Kongwe, Beit al-Sahel ufukweni, na nyumba za mawe zenye mapaa bapa ya chokaa. Mabati hakuna. Nyuma ya mji usichore barabara. Kulikuwa na mkono wa bahari, maji yakijaa mji unakaribia kuwa kisiwa, na Ng'ambo ilikuwa ng'ambo kwelikweli.

Bandarini changanya majahazi na mitepe. Mtepe haupigwi msumari, mbao zake zinashonwa kwa kamba, na tanga lake ni la mkeka, la mraba. Ulilochora wewe ni la pembetatu, hilo ni la jahazi. Wanawake wako wamevaa kanga zenye majina! Maandishi kwenye kanga ni mambo ya karne ya 20. Wavishe kaniki na merikani.

Kisiwa ambacho puto linaanzia kupaa kitabu kinakiita Koumbeni, mwandike tu Kumbeni. Msikichore kama Changuu yenye jengo la jela, maana nalo ni la miaka ya 1890. Na mtawala wa wakati ule ni Seyyid Majid. Verne anaandika kana kwamba Zanzibar ingali chini ya Imamu wa Maskati, na sivyo. Tawala za Maskati na Zanzibar zimegawika tangu alipofariki Seyyid Said 1856.

Fundi_Koili

Kuhusu puto, tatizo umelitia mwenyewe kwa kuchora moto wazi chini ya mdomo wa puto, kama yale ya watalii wa Serengeti. Yale yana hewa ya moto. Hili lina haidrojeni, na moto wazi kwenye mdomo wa puto la haidrojeni ni mripuko, hadithi imeishia ukurasa wa 13.

Verne kalifikiria hilo. Puto lake limefungwa mdomo. Ndani ya kikapu kuna tangi la maji yaliyotiwa matone ya asidi. Betri ya Bunsen, aina ya betri ya zama zile, inayapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni, gesi hizo zinakwenda kuungua kwenye kichomeo, na kichomeo kinapasha moto koili, yaani bomba lililosokotwa mizunguko. Mabomba mawili yanapanda kutoka kwenye koili hadi ndani ya puto: moja linavuta gesi baridi ya chini, jengine linapeleka gesi ya moto juu. Gesi ikipata moto inatanuka, puto linajaa, linapanda. Ukipunguza moto gesi inasinyaa, linashuka. Ndiyo maana linaondoka Unguja likiwa halijajaa, limelegea upande wa chini. Wewe umelichora limevimba kama papai lililoiva, halina tena nafasi ya kutanuka.

Mpe msomaji nusu ukurasa wa mchoro uliokatwa, sehemu tano tu zenye majina: tangi, betri, kichomeo, koili, mabomba. Ukitaka ukweli wa kisayansi, mtambo huu usingefanya kazi. Umeme wa kupasua maji haupungui joto unalolipata ukiichoma gesi ile, kwa hiyo betri zenyewe zingekuwa mzigo wa kuliangusha puto. Hilo liwekeni maelezo ya mwisho, msilivuruge ndani ya hadithi.

Jengine: maputo ni mawili, moja ndani ya jengine. Kule Ziwa Chad ndege wakubwa wanalichana la nje, Joe anajitosa ziwani kupunguza uzito, kisha lile la nje linavuliwa. Kuanzia hapo puto lazima liwe dogo katika kila picha mpaka mwisho. Chora umbo lake mara mbili kwenye karatasi ya kando, la kabla na la baada, ulibandike mbele yako.

WinoMweusi

Viputo: nimehesabu kimoja kina maneno 46. Mtoto hasomi, na hana makosa. Weka maneno 20 kwa kiputo, 90 kwa ukurasa mzima. Kiswahili kina maneno marefu. "Tutakapowafikia" ukiligawa kwa kistari ndani ya kiputo chembamba limekufa, kwa hiyo panua kiputo kiwe cha mlalo. Usiandike kwa herufi kubwa tupu. Na angalieni fonti, kuna zinazomeza alama ya ng', ukasoma "ngombe".

Msichore kwenye A3. Ukishusha hadi A5 kila kitu kinabaki nusu, mstari wa milimita 0.3 unakuwa 0.15 na mashine inaumeza. Chora A4, unapungua hadi asilimia 71, herufi za pointi 12 zinatoka kama 8.5. Skani kwa dpi (nukta kwa inchi) 600, nyeusi na nyeupe tupu. Vivuli vifanye kwa mistari, kwani rangi ya maji ikitolewa nakala inakuwa madoa. Ukingo wa ndani acha milimita 15, la sivyo pini inakula maneno.

Pini za kawaida kwa hewa yetu ya chumvi zinafanya kutu, doa linapita hadi ukurasa wa tatu. Tafuteni zisizoshika kutu au shoneni uzi. Na msichape wakati wa masika, karatasi inavuta unyevu na kujikunja.

Mie_wa_Wete

Nchangie moja ambalo naona limewapita. Tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, lakini puto linatoka Unguja kwenda bara, yaani kwenye ramani linakwenda kushoto. Kila picha yako linarudi nyuma ya macho ya msomaji! Jiweke upande wa Pemba utazame kusini: Unguja inakaa kushoto, Mrima (pwani ya bara) kulia, na puto linakwenda sawa na maneno.

Ya nyani, mie sikubali kufuta. Mle Kennedy na Joe wanarudi mbio wakidhani puto limezingirwa na watu, kumbe ni nyani, kisha wanatia mzaha kwamba tofauti si kubwa. Wachoreni nyani kuwa nyani tangu picha ya mwanzo, mkia na pua ndefu, msomaji awaone kabla ya Wazungu. Aibu inawageukia wao wenyewe.

Chapa_Mbili

Shukrani, mmenifungua. Na hapa kwetu, pale Verne anapodai watu waliona puto ni uadui dhidi ya jua na mwezi wanaoutukuza? Mji wa Kiislamu huu.

Mwana_wa_Mkunazini

Hiyo mpe mdomo msafiri, asiwe msimulizi. Kiputo kitoke kwa baharia wa Kiingereza, na nyuma yake chora watu wanatoka msikitini. Sehemu ya mwezi mnayoihitaji iko Kaze, Unyamwezini, wanapodhaniwa wana wa mwezi. Hapo mwezi wa kweli uchomoze juu ya ukurasa wa kushoto, msomaji aukute akishafungua tu.