Kambi ya Lushoto kwa darasa la sita: kujitegemea, au tunapigwa hela?

MamaWawili: Wakuu, shule ya mwanangu imeleta barua. Siku tatu Lushoto, kwenye mahema, watoto wapike na wafue wenyewe, simu marufuku. Eti "kujenga moyo wa kujitegemea". Mchango 220,000. Baba yake kagoma, mimi niko njia panda. Mnaonaje?

Mpiga Chaki: Mpeleke. Nimesindikiza kambi za hivyo. Usiku wa kwanza mtoto wa miaka 12 anashika kiberiti kwa ncha za vidole, anakipiga huku kageuza uso pembeni. Ugali unatoka na mabuja, wanaula wote na sufuria wanakwangua. Kufika siku ya tatu wanagombania nani akoleze moto. Watoto hawana shida. Shida ni akina mama walioachia dada wa kazi kila kitu, mpaka soksi.

MamaWawili: Mwalimu, nimeuliza kambi, sijauliza nani anafua soksi kwangu. Saa kumi na moja alfajiri nagombania mwendokasi Kimara, narudi saa mbili usiku. Ulitaka nifue saa ngapi?

Kobe Mzee: Mbona hakuna aliyemuuliza baba yake?

Dogo wa Songea: Laki mbili na ishirini kwenda kuchota maji?? Njooni kwetu mchote bure. Mimi niko la nne nilikuwa nachota, napika, na mdogo wangu mgongoni. Hakuna aliyeleta barua.

Binti Mgeni: Ulikuwa unajitegemea au hukuwa na namna? Acha kuupamba umaskini.

Dogo wa Songea: Nani kakwambia maskini? Kwetu kuna ng'ombe kabla babu yako hajaiona Dar.

Baba K: Acheni ng'ombe. Basi litaendeshwa na nani? Kona za Mombo kupanda Lushoto mnazijua au mnazisikia? Au mmeshasahau ajali ya basi la shule Karatu, Mei 2017? Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva.

Mpiga Chaki: Hakuna aliyesahau. Ila wale walikuwa wanakwenda kufanya mtihani wa kujipima. Mbona mitihani hamuigomei?

Baba K: Nimeuliza dereva, unanijibu mitihani. Usinigeuzie maneno, mimi si mwanafunzi wako.

Chausiku: Kwani serikali si ilishakataza haya mambo, ule waraka wa 2023?

Mpiga Chaki: Ule ulikataza bweni, awali mpaka la nne. Huyu yuko la sita na analala nje usiku mbili. Soma kwanza dada yangu.

Chausiku: Nimeuliza tu, mbona ukali? Hivyo ndivyo mnavyofundisha?

Skauti Mstaafu: Vijana, kambi ya kwanza ya Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, 1907, kisiwa cha Brownsea, Uingereza, watoto wa shule za mabwanyenye waliwekwa pamoja na watoto wa watu wa kawaida. Ndiyo ilikuwa maana yake. Hii yenu, asiye na 220,000 anabaki darasani siku tatu akijua kwa nini kabaki. Naye mnamfundisha nini?

Binti Mgeni: Shikamoo mzee. Tutarudi huko. Mimi nataka kujua huyo dada wa kazi analipwa ngapi, maana kila mtu anamtaja na hakuna anayemuulizia.

MamaWawili: Laki na nusu, anakula tunachokula, na Jumapili anapumzika. Umeridhika? Shule inataka jibu Ijumaa, mimi hapa nimeambulia ng'ombe na waraka.

Kobe Mzee: Ngoja nipige hesabu. Siku tatu za mtoto kufundishwa kufua, 220,000. Mwezi mzima wa anayemfulia, 150,000.

MamaWawili: Wewe Kobe una mtoto kweli, au kazi yako kuvizia watu wateleze?