Kiangazi tunabaki watu kumi na watano kanisani, na sasa ibada inabadilishwa. Tushike nini, tuache nini?

stewadi_mdogo

Bwana asifiwe wapendwa. Naomba ushauri, hasa kwa nyie Wamethodisti wenzangu, maana hili jambo linaninyima usingizi.

Kanisa letu ni dogo. Jumapili ya kawaida tunafika kama arobaini tukihesabu na watoto. Ikifika Julai shule zikafungwa basi familia zinasafiri, vijana wa chuo hawapo, mpiga kinanda anaenda kwa wajukuu zake wiki sita, Jumapili nyingine tunakuwa kumi na watano na karibu wote ni wazee, tumetawanyika kwenye mabenchi ya watu mia na zaidi, ukianzisha utenzi unasikia sauti yako mwenyewe inakurudia kutoka ukutani. Mchungaji ana makanisa matano kwenye sakiti (kundi la makanisa jirani yanayohudumiwa pamoja), tunamwona mara moja kwa mwezi, na mwaka huu ndo anahama, kwa hiyo Agosti yote tunategemea wahubiri wa mahali tu, yaani waumini walioruhusiwa kuhubiri bila kuwa wachungaji.

Sasa kwenye kikao stewadi (wasimamizi wa kanisa) wenzangu wawili wakaleta wazo: ibada ihamie nje nyuma ya kanisa chini ya miti, viti vya duara, dakika arobaini, gitaa na mapambio, liturujia tuiache ndani, mahubiri yawe mazungumzo, halafu chai. Mi nililipenda na nikaunga mkono. Tukajaribu Jumapili ya kwanza ya Julai. Watoto watatu waliokuwepo walifurahi sana, na mtu mmoja aliyekuwa anapita na mbwa wake alisimama pembeni kisha akavuta kiti akakaa mpaka mwisho, akaniuliza wiki ijayo ni saa ngapi.

Lakini tuna mama mmoja, miaka themanini na kitu, amekuwa kiongozi wa darasa, yaani kikundi kidogo cha waumini wanaoangaliana kiroho, tangu mi sijazaliwa. Ibada nzima alikaa kimya. Wakati wa chai akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, leo sijaungama, sijasema Baba Yetu, narudi nyumbani na nilichokuja nacho." Nikakosa cha kumjibu. Na ni kweli, Sala ya Bwana tuliisahau kabisa, hakuna aliyekusudia, ila haikuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote.

Na kuna wanaosema mambo yakienda vizuri tusirudi nyuma Septemba, tuendelee hivi hivi. Nifanyeje?

Mhubiri_wa_Plani

Mwanangu, asante kwa kuuliza, na huyo mama mshukuru kwa sababu amekuambia wewe usoni, hakwenda kusema pembeni.

Kwanza nikutoe hofu, kuabudu nje siyo kuuacha Umethodisti. Tarehe 2 Aprili 1739 John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alihubiri nje karibu na Bristol kwa mara yake ya kwanza pale Uingereza, na alifanya hivyo moyo ukiwa mzito mno, maana alikuwa kasisi wa taratibu, mwenyewe aliandika kwamba kabla ya hapo angeona karibu ni dhambi mtu kuokoka nje ya jengo la kanisa. Mwenzake George Whitefield alikuwa ameshaanza tangu Februari, anawahubiria wachimba makaa wa Kingswood ambao kanisani hawakuwa wanafika kabisa. Kwa hiyo babu yetu katika imani alihamia nje akiwa anajilazimisha, akiwafuata watu walipo. Sasa jiulizeni, nyie mmehama kwa ajili ya nani? Kama ni kwa ajili ya yule wa mbwa, mna sababu nzuri kabisa. Kama ni kwa sababu mabenchi matupu yanawatia aibu, hiyo aibu mtaibeba mpaka chini ya miti.

La pili, na hapa ndo naomba usome taratibu. Mnahesabu kumi na watano kama arobaini waliopungua. Mi naona kumi na watano ni darasa la watu kumi na wawili lililoongezeka watatu! Mwaka 1742 kule Bristol jumuiya ilikuwa na deni la jengo, wakakubaliana kila mtu atoe peni moja kwa wiki, wakagawanywa kumi na mbili kumi na mbili na kila kundi likapewa kiongozi wa kupita nyumba kwa nyumba kukusanya. Wale viongozi walipoanza kupita wakagundua mambo, huyu ana njaa, huyu amerudia pombe, huyu hajaongea na mkewe wiki nzima, na Wesley akaona hiki ndicho alichokuwa anakitafuta siku zote. Peni ikawa jambo dogo, swali likawa "roho yako inaendeleaje?" Swali hilo huwezi kuuliza watu mia mbili kwenye mabenchi. Kumi na watano kwenye duara unaweza. Na mtu wa kuwafundisha namna ya kuliuliza mnaye hapo hapo, ndiye huyo mama! Badala ya kumkalisha asikilize gitaa, mwombeni aongoze sehemu hiyo, dakika kumi tu, kila Jumapili ya kiangazi.

La tatu ni Meza ya Bwana. Mchungaji hayupo Agosti, na hapo msijifanyie wenyewe, huo siyo mpango wa kanisa letu. Lakini tuna karamu ya upendo ambayo karibu tumeisahau. Wesley aliikuta kwa Wamoravia, Wakristo wa Kiprotestanti kutoka Ulaya, kule Savannah, Marekani, Agosti 1737, akaipenda akaileta kwetu. Ni mkate au keki ya kawaida na maji au chai, kikombe kinapita mkono kwa mkono, watu wanatoa ushuhuda, wanaimba, wanaombea maskini na kuwakusanyia sadaka. Siyo sakramenti, kwa hiyo mhubiri wa mahali au kiongozi wa darasa anaweza kuiongoza. Mkiwa kwenye Mwaka B (mwaka wa pili katika mzunguko wa miaka mitatu) wa kalenda ya masomo ya Biblia ya Jumapili mtakutana na Yohana sura ya 6, mkate wa uzima, Jumapili tano mfululizo kuanzia mwisho wa Julai, mi nimewahi kuhubiri zote tano mbele ya watu kumi na wawili na sitasahau. Hiyo chai yenu ya baada ya ibada iingizeni ndani ya ibada.

mama_alto

Shikamoo Mhubiri, umenena. Mi nitaongea ya kuimba na kusikia tu kwa sababu ndo yanayoumiza wazee na hakuna anayeyataja.

Ndani ya jengo ukuta unakusaidia, nje sauti inaondoka tu hairudi. Kwa hiyo viti visogezwe karibu kabisa, magoti yakaribie kugusana, na mgongo wa anayeongoza uwe upande wa ukuta wa kanisa. Angalieni upepo unatokea wapi. Wesley alikuwa anajua haya, kule Gwennap, Cornwall, mwaka 1762 upepo ulikuwa mkali akashuka kwenye shimo la ardhi iliyodidimia akahubiria hapo, akaendelea kuparudia miaka na miaka mpaka 1789. Nanyi tafuteni shimo lenu, namaanisha kona isiyo na upepo. Wazee wasikae wakitazama jua. Na wenye vifaa vya masikioni muwaulize, kuna vinavyounganishwa na mitambo ya ndani ya kanisa, ukiwatoa nje wanasikia majani tu. Inawezekana mama alikaa kimya kwa sababu hakusikia nusu ya maneno!

Kinanda kikiwa hakipo msiogope tenzi. Shusheni kii kidogo, sauti za wazee na za asubuhi ni za chini, utenzi mtu mmoja anaanzisha mstari wa kwanza peke yake wengine wanapokea. Chagueni zile ambazo watu wanazijua bila kitabu. Charles Wesley aliandika zaidi ya elfu sita, haiwezekani tukashindwa kupata sita za kiangazi. Na kaka yake John alitoa maelekezo ya kuimba mwaka 1761, waimbe wote, waimbe kwa nguvu lakini pasiwe na wa kupiga kelele asikike yeye, wasiburute, na juu ya yote waimbe wakimwelekea Mungu. Hayo yanafaa kwa pambio vilevile kama utenzi. Sina ugomvi na mapambio, mapambio yananitoa machozi, ugomvi wangu ni pale anayeimba anakuwa mwenye gitaa peke yake na sisi wengine tumekuwa watazamaji.

Na Sala ya Bwana jamani. Mtu aliyepoteza kumbukumbu, hata jina la mwanae hakumbuki, ukianza "Baba yetu uliye mbinguni" anaendelea mwenyewe. Nimeliona kwa mama yangu mzazi. Ndo maana maneno ya kujirudia siyo maneno mafu.

kijana_wa_projekta

Mi ni kijana na nitasema upande mwingine, wazee wangu mnisamehe. Kila kanisa dogo ninalolijua linasema "tunajaribu tu kwa kiangazi" halafu Septemba kila kitu kinarudi kilivyokuwa, na yule mtu wa mbwa haonekani tena kwa sababu hatavuka mlango wa jengo. Tumewahi kufanyiwa hivyo, tulikuwa watano tunapiga vyombo Julai na Agosti, watu wakatupongeza sana, mpiga kinanda aliporudi tukaambiwa asanteni. Wawili kati yetu hawakurudi na mi mwenyewe ilibaki kidogo.

Historia nayo inasema. Mei 31 mwaka 1807 pale Mow Cop, kilima kimoja Uingereza, Wamethodisti walikutana nje siku nzima kwa maombi na mahubiri, mkutano mkuu wa kanisa wa mwaka ule ukasema mikutano ya namna hiyo haifai Uingereza hata kama Marekani inaruhusiwa. Hugh Bourne, mmoja wa viongozi wa mikutano hiyo, akaja kuondolewa kanisani, likazaliwa kanisa jipya la Primitive Methodist, na hao ndugu hawakuungana tena na wenzao mpaka 1932. Miaka mia na zaidi! Chanzo chake watu kutaka kuomba nje. Kwa hiyo tusiwabane wanaojaribu.

Mhubiri_wa_Plani

Kijana wangu, hilo la kuambiwa asanteni limeniuma, na mimi nimekuwa upande wa waliosema asanteni. Pole sana. Nakubaliana na wewe yale ya nje yasizimwe Septemba kimya kimya. Ila hata kuyathibitisha Agosti kimya kimya siyo haki. Nusu ya kanisa wako safarini, mchungaji mpya hajafika, yule wa zamani anafunga mizigo. Uamuzi wa kudumu ungoje wote wawepo, muuite mkutano wa kanisa, na nyie vijana muwe mmealikwa kwa majina. Mpaka hapo semeni wazi, hii ni mpaka tarehe fulani, na siku hiyo tutakaa tuulizane.

dada_wa_ng'ambo

Mi nipo Marekani kwenye United Methodist, huku wachungaji wengi wanahamia makanisa mapya kuanzia Julai mosi, kwa hiyo kiangazi ndo mchungaji mpya anafika na kanisa nalo liko likizo, anahubiria watu asiowajua na waliobaki hawajui wamwambie nini. Alichofanya wa kwetu ni kuwatembelea wale waliobaki, nyumba mbili kwa wiki, na kila nyumba anauliza swali moja, "ni kitu gani kwenye ibada ukikikosa unajua umekikosa?" Majibu hayakuwa kama tulivyodhania. Mzee mmoja tuliyedhani atataja kinanda alisema ni kutajwa wagonjwa kwa majina. Binti wa miaka tisa alisema ni kuwasha mshumaa. Basi kiangazi kile tukapunguza mengi lakini hayo ya kwenye orodha yakabaki yote. Huyo mama kashakujibu lake bila kuulizwa, waulize na wale kumi na wanne.

Halafu jambo dogo, wasiosafiri kiangazi mara nyingi ni wale wasio na uwezo wa kusafiri au wasio na wa kwenda kumtembelea. Wiki sita za ukimya. Kwao Jumapili inaweza kuwa siku pekee wanayoguswa mkono na mtu.

stewadi_mdogo

Wapendwa nimerudi, samahani nilichelewa. Nimesoma yote mara mbili na hiyo ya mwisho ya dada imenikaa.

Jumatano nilienda kwa mama. Nilimwomba msamaha kuhusu Sala ya Bwana, akasema nisiombe msamaha nilete kalamu. Akanitajia vitu vitatu ambavyo yeye hawezi kuvikosa, toba, Baba Yetu, na baraka ya mwisho watu wakiwa wamesimama. "Vingine fanyeni mnavyotaka, hata hiyo gitaa naizoea." Na ni kweli alikuwa hasikii, mama_alto ulijuaje! Alikuwa amekaa upande wa barabara.

Nikamuuliza kama atatuongoza ile sehemu ya darasa. Akanyamaza muda mrefu nikadhani nimemuudhi. Akasema hajaulizwa kuongoza tangu madarasa yalipoanza kuwa majina tu kwenye daftari, miaka mingi sana, na kwamba ataanza na mimi, akaniuliza pale pale roho yangu inaendeleaje. Nilishindwa kujibu kwa dakika nzima hivi, halafu nikaongea karibu saa.

Jumapili hii tunakaa nje tena, karibu na ukuta. Kijana wetu wa gitaa ataanza na pambio moja, kisha utenzi tunauimba bila chombo. Karamu ya upendo tumeipanga Jumapili ya pili ya Agosti, na mkutano wa kanisa tumeuweka mwishoni mwa Septemba mchungaji mpya akishakuwepo, barua zinaenda kwa kila mtu hata waliosafiri. Mhubiri, kama unayo ile namna ya kuongoza karamu ya upendo nitumie kwenye inboksi, na muda wa ushuhuda unauweka kabla ya kikombe kupita au baada?

Mhubiri_wa_Plani

Baada. Wakishakula pamoja wanaongea kwa uhuru zaidi. Nakutumia leo jioni.