Prosesa inafika nyuzi 95 ndani ya dakika tatu

Habari zenu wakuu. Niko Temeke. Kompyuta nimeiunga mwenyewe wiki iliyopita: prosesa ni Ryzen 5 3600, RAM GB 16, feni na hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) nilinunua kando. Hata nikiwa kwenye BIOS tu (skrini ya mipangilio kabla mfumo haujawaka), joto linapanda hadi 95, kisha inazima. Feni inazunguka, pesti ya kupitisha joto nimepaka mara mbili. Jumamosi nina video ya harusi ya kukabidhi. Naombeni msaada.

Mdau wa Mwanza:
Pole mkuu. 95 ndiyo kikomo cha hiyo prosesa, inajilinda. Joto la Dar haliwezi kuifikisha huko dakika tatu. Hapo hitisinki haigusani nayo. Shika mabomba ya shaba: yakiwa ya baridi wakati BIOS inasoma 90, umepata jibu. Ukifungua usivute juu kwa nguvu! Zungusha kidogo kushoto na kulia kwanza, la sivyo prosesa inachomoka nayo na pini zinapinda. Kisha kagua kitako cha hitisinki, huwa kina plastiki ya kinga.

Mdau wa Mombasa:
Pesti ya zamani ifute yote kwa spiriti. Mpya iwe kama punje ya njegere, na skrubu kaza kwa mshazari, kidogo kidogo.

Muulizaji:
Plastiki ilikuwepo! Nyembamba kama ngozi ya kitunguu, pesti imetapakaa juu yake. Sasa inasoma 42 ikitulia, 71 nikitoa video. Mungu awabariki, Jumamosi bibi harusi atapata kazi yake.